Msimwambie Mama Ampe Mtoto Dawa Alale

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikuwa nikipanga faili kwenye kabati la nyuma nilipomsikia mmoja wenu, makarani wa tiketi, akiongea na mteja kwenye simu. Mteja alikuwa mama anayesafiri na mtoto wa mwaka mmoja, na alitaka kujua afanye nini mtoto asisumbue watu ndani ya ndege. Mwenzenu akamjibu bila kuondoa macho kwenye kompyuta: "Mama, mpatie tu dawa ya mafua, alale." Akakata simu, akarudia chai yake. Nilimwomba ampigie yule mama tena, akampigia, nami nikasimama hapo mpaka akamaliza. Hasira yangu lakini haikuisha. Nimestaafu nayo. Ninaandika haya nyumbani Sigalame, mguu mmoja juu ya stuli kwa sababu ya goti, na kama mlitarajia wosia mtamu wa mama mzee, mtanisamehe.

Nilianza kazi Malaba, mpakani na Uganda. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja kati ya fundi wa kuziba pancha na hoteli ya chapati, mlango ukitazama foleni ya malori. Tulikata tiketi za mabasi zaidi, na za ndege chache, zile za karatasi zenye kaboni katikati, ambazo ukikosea herufi moja ya jina unaanza upya. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuona ndege ikiwa chini. Nilizijua zile zinazopita juu ya kwetu Funyula kama sindano.

Siku yangu ya kwanza alikuja mama aliyebeba mtoto mgongoni kwa leso, akauliza kama ataruhusiwa kukaa naye hivyo hivyo ndani ya ndege. Nikamwambia ndiyo, bila wasiwasi wowote. Sikuwa najua. Niliona tu kwamba mtu aliye nyuma ya meza anapaswa kujibu.

Mwenye ofisi, Bi Zuhura, alinisikia. Hakunigombeza mbele ya mteja. Alivuta kiti, akakaa karibu na yule mama na kumweleza taratibu kwamba mtoto chini ya miaka miwili hupakatwa mbele, na kuna mkanda mdogo unaounganishwa na wa mama. Akimwacha mgongoni, ndege ikitikisika atambana na kiti. Mama alipoondoka, Bi Zuhura akaniambia, "Perpetua, kama hujui, sema hujui. Huyo mtoto si kreti ya nyanya."

Bi Zuhura alikuwa mzaliwa wa Busia, binti wa msafirishaji, na alijifunza mambo haya kwa mateso. Alipokuwa msichana aliolewa Maskati, akapanda ndege peke yake na watoto watatu, mkubwa wao akiwa na miaka minne. Hakuna aliyemwambia kitu. Masikio ya watoto yaliuma wakati wa kushuka, wote watatu wakalia pamoja, na mhudumu akaja kumwomba awanyamazishe, kana kwamba mtoto ana kitufe. Alisema alishuka kwenye ndege ile akiwa ameapa kwamba mama mwingine hatapitia hayo kama yeye yupo. Wengi wetu huapa mambo tukiwa tumechoka. Yeye alitimiza.

Chombo chake kikubwa cha kazi kilikuwa kiti cha basi. Alikiomba gereji, kutoka kwenye basi lililopinduka, kiti cha watu watatu. Akakiweka kikitazama ukuta, karibu kabisa, magoti yaguse, na fundi wa viatu akakishonea mikanda. Kila mama aliyekuja kuchukua tiketi na ana mtoto mdogo alikaa pale saa nzima na mtoto wake, mkoba ukiwa chini ya miguu. Watu walicheka. Wenye malori walikuwa wanachungulia mlangoni. Lakini ndani ya ile saa moja mama alijua mambo ambayo angeyajua akiwa juu ya Sudan, ambako hakuna wa kumsaidia. Alijua kwamba mkono mmoja unabaki kwa mtoto, kwa hiyo kila kitu lazima kifunguke kwa mkono mmoja. Alijua kwamba mkoba ukiwekwa kule juu ni sawa na kuuacha nyumbani. Alijua kwamba mtoto wake hupiga teke ukuta kuanzia dakika ya kumi, na akafikiria mapema atampa nini ashike.

Tulipanga mikoba pamoja. Nepi juu, kisha kikombe, kisha chakula anachokijua mtoto, ndizi au viazi vitamu vilivyochemshwa, si njugu. Kisha nguo za kubadilisha. Akina mama wote hubeba nguo tano za mtoto na yao wenyewe hata moja hawabebi. Mtoto akimtapikia mama njiani, mama anafika kwa mumewe baada ya miaka miwili akinuka maziwa. Bi Zuhura hakumruhusu mtu kutoka bila blauzi yake mwenyewe ndani ya mkoba.

Na masikio. Hili nalirudia kwa sababu nyinyi hamlisemi kabisa. Ndege ikianza kupaa, na zaidi ikianza kushuka, mtoto anatakiwa awe anameza kitu: titi, chupa, kikombe, chochote cha kunyonya. Kushuka huanza mapema, kama nusu saa hivi kabla ya kutua, na mtoto aliyelala huamka na maumivu asiyoyaelewa. Kwa hiyo mama amwamshe kwanza, ampe anyonye. Mnaona? Wakati ule ambao tunataka mtoto awe macho, ndio nyinyi mnataka awe amelazwa.

Tulipohamia Busia mjini, tukiacha tawi dogo Malaba, kiti kilikuja nasi juu ya pikapu. Miaka ile niligombana na watu wengi. Niligombana na mitambo ya tiketi iliyompa mtoto wa miaka mitatu kiti safu ya thelathini na mama yake safu ya kumi na moja. Niligombana kwa simu na watu wa kaunta walioniambia hiyo si shida, ataombwa abiria mmoja ahame. Aombwe na nani? Na mama, akiwa amesimama kwenye njia na mtoto analia, mbele ya watu mia wanaomtazama kama mwizi. Niligombana kuhusu kile kitanda kidogo cha mtoto kinachofungwa ukutani mbele ya safu ya kwanza, ambacho huwa adimu na lazima kiombwe mapema, na ambacho karani mvivu humwahidi mama bila kukiomba. Mengine nilishinda. Mengi sikushinda. Hakuna mara hata moja niliyosikia mtu akiulizwa kwa nini ndege haikupangwa kwa ajili ya mtoto. Anaulizwa mama kwa nini mtoto hakupangwa kwa ajili ya ndege.

Kisha macho ya Bi Zuhura yakaanza kufifia kwa sababu ya sukari, akamwachia ofisi mtu mwingine, Bwana Egesa. Sitaki kumchora kama shetani. Alikuwa mtu mwenye bidii, mwenye salamu nzuri, na mwenye haraka. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa kile kiti na kuweka televisheni. Aliniambia, "Dada Perpetua, hapa hatuuzi viti vya basi." Saa nzima kwa mteja mmoja aliiona ni hasara. Na akina mama walipouliza kuhusu kilio, alikuwa na jibu moja fupi, la kumpa mtoto dawa ya mafua ya maji, ile ya duka la dawa, ili alale mpaka afike.

Nilimwambia kwamba Bi Zuhura hakuwa anasema hivyo. Akaniambia kila mtu anafanya, hata watu wake wa nyumbani. Baada ya miezi kadhaa sikumwambia kitu tena. Na sasa niseme jambo ambalo ningependa kulipita. Na mimi nililisema. Siku moja foleni ikiwa mpaka nje, mama akauliza, nami nikamjibu hivyo hivyo, maneno ya bosi kama yalivyo. Nilirudia tena siku nyingine. Siwajui walikuwa akina nani wala walifikaje.

Atyang alikuja asubuhi ya siku ya soko. Alikuwa mama mdogo kutoka upande wa Malaba, mtulivu, na mtoto wake msichana anaitwa Amoit, mwaka mmoja na miezi minane. Mume wake alikuwa dereva Doha na alikuwa hajamwona mtoto isipokuwa kwenye simu. Wangepita uwanja wa ndege wa Entebe, kama wengi wa hapa, kwa sababu gari la kukodi kutoka upande wa pili wa mpaka linakufikisha bila kupitia Nairobi. Makaratasi yake yalikuwa safi: pasipoti mbili, cheti cha kuzaliwa, kadi za chanjo, barua ya baba ya kuruhusu mtoto asafiri. Hofu yake ilikuwa moja. Amoit alikuwa mtoto wa kelele. Hata pale ofisini alikuwa akipiga meza na kuimbia televisheni.

Bwana Egesa akamwambia habari ya dawa. Kijiko kimoja asubuhi, na akiikataa, aongeze.

Atyang akauliza, "Kijiko kikubwa ama kidogo?"

Bosi alikuwa tayari amepokea simu nyingine. Swali likabaki juu ya meza. Mimi nilikuwa upande huu, nikiandika jina la mtoto kwenye kompyuta, na nililisikia vizuri kabisa. Nikaendelea kuandika.

Siku ya safari niliwasindikiza mpakani. Hiyo desturi ya Bi Zuhura nilikuwa nimeishikilia, kuwavusha wanaosafiri mara ya kwanza mpaka wagongewe pasipoti upande wa pili na kuingia kwenye gari lao. Tulivuka kwa miguu asubuhi mapema, mimi nikivuta sanduku, Atyang amembeba Amoit mgongoni. Nilimsifu kwamba leo mtoto ametulia. Akatabasamu, akasema dawa imekubali.

Ndani kwenye foleni ya uhamiaji tulisimama muda. Afisa wa Uganda akatuita tusogee mbele kwa sababu ya mtoto, akamtazama, akasema, "Nnyabo, mama, una bahati, wa kwako amelala vizuri." Alihitaji kuona uso ili aulinganishe na picha. Atyang akafungua leso, akamleta mbele. Kichwa cha Amoit kikaanguka nyuma kama cha mtoto wa siku moja. Atyang akamwita. Akampapasa shavu. Nikamwita na mimi, kwa sauti, nikamfinya mguu. Midomo ilikuwa mikavu, kifua kinapanda polepole sana.

Nilimwuliza amempa kiasi gani. Akasema alimpa kijiko, akatema, akampa tena, akatema kidogo, akampa tena kabla ya kutoka nyumbani. Kijiko cha kupakulia mboga.

Pasipoti zilikuwa bado hazijagongwa. Nilizivuta kutoka mkononi mwa yule afisa bila adabu, na simlaumu alivyoniangalia. Tuliacha sanduku pale pale. Nilisimamisha bodaboda ya kwanza, tukapanda wote, Atyang katikati na mtoto kifuani, tukarudi upande wetu tukipita kwenye njia ya malori mpaka hospitali.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mpole. Aliuliza mtoto amekunywa nini, na Atyang akatoa chupa kwenye mkoba. Daktari akaisoma, akauliza nani alimwambia ampe. Atyang akanitazama. Nikasema, "Ofisi yetu ndiyo ilimwambia. Andika hivyo." Akaandika.

Walimwekea dripu. Sindano iliingia mkononi, na Amoit hakulia. Walihangaika kutafuta mshipa, wakamchoma mara ya pili, hakulia. Atyang alikuwa ameinama sikioni mwake akimwambia polepole, "Lia, mama. Lia kidogo tu." Wakamweka karibu na mashine ya hewa. Daktari alitueleza kwamba dawa ile si ya kulaza mtoto, kwamba mmoja inamlaza, mwingine inamfanya akose kutulia kabisa, na mwingine inampunguzia pumzi, na hakuna anayeweza kujua mapema ni yupi. Alieleza bila ukali. Ningependa angekuwa mkali.

Tulikaa asubuhi yote na mchana. Mume alipiga simu kutoka Doha akiuliza kama wameshafika uwanjani, na Atyang akanipa simu, hakuweza kuongea. Nikamweleza mimi. Jua likiwa linaelekea kushuka, Amoit alifungua macho, akaangalia taa, akaguna. Kilio hakikuwepo, lakini aliguna, akavuta ile plasta ya mkononi. Nesi akasema huyo amerudi. Atyang akakaa sakafuni.

Kesho yake niliingia ofisini. Bwana Egesa alikuwa ameshasikia. Alitaka niandikie shirika la ndege kwamba mtoto alipata homa, ili tuombe tarehe nyingine, na nikimwona Atyang nimkumbushe kwamba ofisi haitoi ushauri wa dawa. Akaongeza, wateja watatu wakiwa wamekaa hapo, kwamba hawa mama wa reserve, wa huko vijijini, hawajui kupima dawa.

Nimefanya kazi miaka mingi bila kupandisha sauti kwa bosi. Hata siku hiyo sikuipandisha. Nilisimama. Nikamwambia, "Hakupima vibaya. Alipimiwa vibaya, hapa kwenye meza hii. Aliuliza kijiko gani, na sisi wote wawili hatukumjibu."

Akasema tutaongea baadaye. Hatukuongea. Barua niliiandika kama mambo yalivyokuwa, nikaambatanisha karatasi ya daktari, na shirika likakubali kuwasogezea safari bila maneno mengi, jambo ambalo nakiri sikulitegemea. Mimi nikarudishwa Malaba, eti nipumzike. Nilifurahi. Malaba hakukuwa na televisheni.

Atyang alikuwa anakaa karibu na hapo. Nilikwenda kwao. Aliniambia hatasafiri. Alisema mama anayeweza kufanya alichofanya hafai kuachwa na mtoto ndani ya ndege, na mume wake aje amchukue mwenyewe. Nikamwambia kosa si lake. Akaniuliza, "Dada, ulinisikia nikiuliza kijiko kikubwa ama kidogo?"

"Nilisikia."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikaa uani muda kidogo, kuku wakinizunguka, kisha nikaondoka.

Siku ya tatu alikuja ofisini mwenyewe, Amoit akitembea mbele yake na kuvuta kila kitu. Hakusema amenisamehe, na sikumwuliza. Alisema, "Nifundishe." Kiti cha basi hakikuwepo tena, kwa hiyo nilisogeza benchi mpaka ukutani na kufunga leso mbili kiunoni mwake ziwe mkanda. Tulikaa saa mbili. Amoit alipiga teke ukuta, akamwaga maji, akala ndizi, akalia kwa sababu alitaka kwenda kuona malori. Atyang alitaka kunyanyuka kumpeleka. Nikamwambia akae, amwache alie, amshike tu, aone ni muda gani. Alilia kama mtu anayeuawa. Tulipoangalia saa, zilikuwa dakika saba. Atyang alishangaa. Alidhani ni saa nzima.

Tulipanga mkoba. Nilimfundisha kumwamsha mtoto na kumpa kikombe wakati rubani akitangaza kushuka. Nilimfundisha kumwambia mtu wa kando mapema, kabla ya kupaa, kwamba ana mtoto na anafanya awezalo, kwa sababu mtu aliyesalimiwa huwa na haya. Na nikamwambia jambo ambalo Bi Zuhura alitumalizia nalo kila mara, kwamba hakuna abiria aliyepanda ndege ile ambaye hakuwahi kulia akiwa na mwaka mmoja.

Walisafiri wiki ile iliyofuata. Niliwavusha mpaka, niliwaingiza kwenye gari, Amoit akipiga kioo kwa kiganja na kupiga kelele kwa watu wa kubadilisha pesa. Sikuwahi kusikia kelele nzuri hivyo, na sikusema hivyo kwa Atyang kwa sababu haikuwa haki yangu.

Siku mbili baadaye nilipokea ujumbe wake wa sauti. Nilikuwa mezani Malaba, lori linanguruma nje, nikabana simu sikioni. Alisema wamefika, baba amemwona mtoto, mtoto amemkataa baba kisha akamkubali kwa sababu ya biskuti. Alisema blauzi ya pili aliitumia. Kisha akasema:

"Tulipoanza kushuka alilia, dada. Alikataa kikombe, akalia sana, mpaka mzee wa mbele akageuka akaniuliza kama sina kitu cha kumpa alale. Nikamwambia, mzee, pole. Nilimngoja huyu alie siku nzima. Wacha alie."